Mwaka Tuliomtafutia Salumu Mtu wa Kufanana Naye

Jana daktari alimpigia simu dada yangu Zaituni kumwomba jambo. Kuna mama wa Mbagala ambaye mwanawe mchanga amepatikana na hali ileile aliyopatikana nayo Salumu wetu, na mama huyo hajawahi kuona mtoto mwingine wa namna hiyo. Je, aje kwetu Jumamosi? Zaituni alikubali kabla daktari hajamaliza kueleza, kisha akanigeukia. "Wewe ndiye mwenye diploma. Utamweleza." Ni kweli ninayo. Diploma ya teknolojia ya nguo niliyoisomea India imo kwenye fremu dukani kwangu, juu ya majora ya vitenge, na wateja wengi huisoma kabla ya kuuliza bei. Nilikwenda kule bila mjomba wala shangazi wa kunipokea, nikarudi najua uzi, rangi na mashine, na leo Kariakoo nzima wakibishana kuhusu kitambaa wanasema, twende kwa Nassoro. Sikurithi hata kigoda. Kila nilicho nacho kimeanzia kwangu, na husema hivyo waziwazi, maana ni kweli. Ndiyo maana jamaa zangu wakikutana na neno gumu huniletea mimi. Lakini tangu jana chai yangu inapoa kikombe baada ya kikombe, nikipanga maneno ya kumwambia mama huyo, na yale niliyoamini kwamba niliyaelewa mwaka ule yananiponyoka kila ninapoyashika.

Mwaka ule nilikuwa nimerudi karibuni, na nilipanga chumba kwenye nyumba ya Mtaa wa Sikukuu alimoishi Zaituni na mumewe Rajabu, aliyekuwa wakala wa forodha bandarini. Ilikuwa nyumba ya zamani: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani jiko na bomba. Kuta za vyumba hazikufika juu kabisa, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha mwisho humpa pole. Chumba cha mbele kilikuwa cha Bi Hidaya, mama yake Rajabu. Changu kilijaa majora mpaka karibu na bati, na kilinuka wanga na rangi mpya. Nilikuwa nikiuza mzigo wa jumla na kubaki na kanga zenye makosa ya uchapaji, ambazo mteja mwenye macho hazinunui. Kanga hizo nilimpa Zaituni, maana alikuwa na kazi nazo nyingi. Salumu alizaliwa masika, na tangu siku za mwanzo alikuwa akitapika karibu kila anachonyonya. Uani kulikuwa na kamba tatu za kuanikia, zote zimejaa kanga zangu zenye kasoro, zikichuruzika maji mchana kutwa.

Wasomaji wa mjini mnaujua utaratibu. Mgeni akija kumtazama mtoto hunawa, hupokea mtoto, humkazia macho, halafu hutamka neno lake: kafanana na baba yake, ona pua, au, huyu bibi yake mtupu. Hata kama mtoto kakunjamana kama kiazi kilichochemshwa, neno hutamkwa, maana ni kama muhuri. Likishatamkwa watu hunywa chai na vitumbua na mambo mengine huendelea. Kwa Salumu neno halikutamkwa. Wageni walinawa, wakapokea, wakatazama. Paji la uso lake lilikuwa pana na refu, macho yameachana, kope zimelala kidogo, nyusi hakuna kabisa. Nywele zilikuwa chache, za kujisokota, kiasi kwamba siku ya akika mnyoaji alipitisha wembe mara mbili akasema amemaliza. Wageni walimtazama, kisha wakasema, "Mashallah, mtoto mzuri," na kuuliza habari za mvua. Mama Neema, mwenye duka la jumla la sukari na mafuta ng'ambo ya mtaa, mtu wa Rombo asiyejua kuficha, ndiye pekee aliyejaribu. "Huyu," alisema akimgeuza mtoto kwenye mwanga wa mlango, "kafanana na yeye mwenyewe." Watu wakacheka. Bi Hidaya hakucheka. Alikuwa akichambua mchele, na vidole vyake vikasimama juu ya ungo.

Tulianza na ngozi kwa sababu ndiyo iliyoonekana. Mikono na mapaja ya mtoto yalikuwa na vipele vidogo vikavu, ukipitisha kiganja ni kama unapapasa msasa. Bi Hidaya alimpaka liwa. Mama Neema alileta mafuta ya mgando. Jirani wa nyuma alileta mafuta ya ubuyu. Mimi, kwa elimu yangu, nilitangaza kwamba tatizo ni wanga wa kitambaa kipya, nikaagiza kanga zote zichemshwe kwanza. Zikachemshwa. Uani kukawa na sufuria kubwa inayotokosa kanga kama makande, na ngozi ya mtoto ikabaki vilevile. Hata sasa najiuliza ni kwa nini sote, watu wazima wenye akili, tulikazana na ngozi wakati mama wa mtoto alikuwa akitwambia jambo jingine. "Kaka," Zaituni aliniambia siku moja mchana, nikiwa nakula ugali na kisamvu ukumbini, "weka mkono hapa." Akauchukua mkono wangu, ule wa kushoto usio na chakula, akauweka kifuani kwa Salumu. Nilihisi mtetemo mdogo usiokatika, kama cherehani inayoshona chumba cha pili.

"Makohozi hayo," alisema Bi Hidaya.

"Mama, makohozi hayapigi kwa mpangilio."

"Umeyajulia wapi, wewe mzazi wa juzi?"

"Nimeyajulia hapa," Zaituni akasema, akajipiga kifua pale ambapo mtoto hulala.

Daktari aliyetupokea hospitalini alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyechoka tangu asubuhi. Hakuanza na kifua. Alimtazama mtoto usoni kwa muda, akagusa pale ambapo nyusi zingekuwa, akapapasa mikono, akasugua unywele mmoja kati ya vidole, na ndipo akasikiliza moyo. Baadaye, kipimo cha picha ya moyo kilipokamilika, alitwambia kwamba njia ya damu kutoka moyoni kwenda mapafuni imebana. Itabidi ipanuliwe, na si jambo la kungoja sana. Halafu akaongeza kwamba, kwa anavyoona, moyo, uso na ngozi ya mtoto huyu ni jambo moja, hali adimu inayoitwa kwa majina hayohayo matatu, lakini atapenda damu ipelekwe ng'ambo kuhakikisha. Mimi nilikuwepo kama mjomba, na kwetu sisi watu wa kusini mjomba hakai nyuma. Nikauliza moyo na ngozi vina uhusiano gani. Nikamwambia kwangu ni kama kuambiwa kreni ya bandarini, lifti ya Posta na friza ya samaki pale Feri vyote vimekufa kwa sababu moja.

"Si ni umeme kukatika," akasema Rajabu.

Daktari alicheka kidogo. "Karibu na hapo, baba. Mtoto akiwa bado hana umbo tumboni, kuna maelekezo mwilini yanayosomwa na sehemu nyingi. Neno moja likikosewa, wote wanaolisoma wanakosea."

Niliondoka pale nimeridhika kabisa, na jioni hiyo nilimweleza Mama Neema jambo zima mbele ya wateja wake. Aliponiuliza, "Nani alikosea kuliandika?" nikasema majibu ya damu yakija tutajua.

Majibu yalikuja baada ya wiki nyingi, wakati ambapo midomo ya Salumu ilikuwa ikibadilika rangi akilia, na alitoka jasho kwa kunyonya tu. Walikuwa wamepima pia damu ya baba na ya mama. Daktari alisema hali ni ileile aliyoifikiria, na kwamba kosa lile hawakulikuta kwa mama wala kwa baba. Limeanzia kwa mtoto. Akapanga siku ya kupanua ile njia ya moyo, akatupa karatasi ya ridhaa. Tulirudi nyumbani, Rajabu ameishika karatasi hiyo. Bi Hidaya alikuwa ukumbini na bakuli la mchuzi wa changu. "Wamesemaje?" Nikajibu mimi, kwa sauti ya kusikika vyumba vyote, maana nilifurahi kuwa na jibu: "Halijatoka kwa Zaituni wala kwa Rajabu." Sentensi hiyo ilikuwa sahihi. Ningeweza kuirudia leo mbele ya daktari yeyote. Lakini Bi Hidaya aliweka bakuli chini, akafuta vidole kimoja kimoja kwenye ukingo wa kanga, akasema, "Sasa kama halijatoka kwa mama, na halijatoka kwa baba, limetoka kwa nani?"

Mtoto asiyefanana na mtu, na sasa hospitali imesema kwa vipimo kwamba alichonacho si cha baba. Nilimwona Rajabu akiisikia sentensi yangu upya kwa masikio ya mama yake. Nilisema, "Limeanzia kwake mwenyewe," na nikajisikia nikiongea kama Mama Neema. Bi Hidaya akaniambia kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgeni, "Mhindi wetu, hakuna kitu kinachoanzia kwenye kitu chenyewe. Hata kunguni ana mama." Na mimi, ambaye maisha yangu yote nimejisifu kwamba nimeanzia kwangu, nikaokota bakuli lake la mchuzi nikalipeleka jikoni.

Rajabu aliiacha karatasi ya ridhaa juu ya kabati bila kuisaini, akahamia chumba cha mama yake. Kupitia juu ya ukuta niliwasikia alipokuja kuchukua mashati.

"Kuna kipimo," alisema. "Kinamaliza ubishi."

"Kapime," Zaituni alimjibu. "Hata leo nenda. Ukirudi na karatasi yako utakuta chumba kitupu."

"Nani kasema uondoke?"

"Mwanaume anayempima mtoto wake kama mzigo wa kontena, mimi nakaa naye kufanya nini?"

Kisha Salumu akaanza kilio chake chembamba.

Sasa kuna jambo ambalo watu huniuliza hata leo: kwa nini Zaituni asisaini mwenyewe? Angeweza. Daktari alimwambia sahihi ya mama inatosha. Mimi pia nilimwambia, tena kwa ukali, kwamba moyo wa mtoto haungoji heshima ya mtu. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha mbuzi uani, hakuni nazi, amekikalia tu. "Kaka, nikisaini peke yangu nimekubali kwamba si wake. Atapona moyo, halafu atakua kwenye nyumba hii hana baba. Nipe mpaka siku yenyewe. Asubuhi ya siku hiyo, kama hajasaini, nasaini mimi, na tukitoka hospitali haturudi hapa." Basi siku ya hospitali ikawa inakuja, karatasi iko juu ya kabati, na kila mtu nyumbani anapita akiitazama.

Nilipata fikra yangu kwenye kamba ya kuanikia. Nilikuwa nimesimama chini ya kanga zile, naona makosa yake yakiangazwa na jua, nikakumbuka somo la kwanza kabisa la uchapaji. Ijumaa hiyo, baada ya kula, nilileta majora mawili ukumbini nikayatandaza kuanzia mlango wa mbele mpaka wa uani. Rajabu alikuwepo na mama yake. Jora la kwanza lilikuwa na doa jeupe kwenye ua, na ukitembea hatua chache doa lilelile, ua lilelile, halafu tena, mpaka mwisho. "Hili," nikasema, "rola ya kuchapia ina ubovu. Kila ikizunguka inarudia. Huko ndiko kurithi." Jora la pili lilikuwa na doa moja tu katikati, mbele yake safi, nyuma yake safi. "Hapa rola ni nzima. Kiuzi kimoja kimedondoka kwenye kitambaa wakati kinapita. Ukimlaumu mwenye rola umemwonea." Sijawahi kueleza jambo vizuri kuliko siku ile. Hata Mama Neema, aliyekuja kuazima mwiko, alikaa akasikiliza.

Rajabu alitembea juu ya jora la pili mpaka kwenye doa, akalitazama. "Shemeji, wewe unaongea nguo," akasema, "mimi naongea damu."

"Na hicho kiuzi," akauliza Bi Hidaya, "nani kakidondosha?"

"Hakuna, mama. Upepo."

"Upepo una mwenyewe."

"Basi muulize mwenyewe," alisema Mama Neema, "msimuulize Zaituni."

Bi Hidaya alimtazama, akainuka, akaingia chumbani kwake. Mimi nikabaki kukunja majora, na nilipokuwa nakunja niliona kwamba mfano wangu unapwaya. Kiuzi kikidondoka, doa linakuwa moja. Kwa Salumu kilidondoka mara moja, lakini doa limekuwa moyoni, usoni na kwenye ngozi. Nilimuuliza daktari baadaye, akasema kilidondoka mapema mno, kabla jora halijawa jora. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Ninakitikisa mpaka leo.

Siku mbili kabla ya siku ya hospitali, Zaituni alimwomba Rajabu jambo moja tu, amsindikize kwa daktari. Akaenda. Mimi nilibaki nje kwenye benchi na mkoba wa mtoto, kwa hiyo haya nayaandika kama walivyonisimulia, na wawili hao hadi leo wanasimulia sawasawa, jambo ambalo ni nadra kwao. Rajabu alimuuliza daktari mwenyewe, kwa sauti ya chini: kama si mimi, na si yeye, ni nani? Daktari hakueleza tena. Aligeuza kompyuta yake akamwonyesha picha za watoto kwenye kitabu cha madaktari. Mtoto wa Kijapani. Mtoto wa Kizungu mwenye nywele nyekundu. Msichana mweusi wa Marekani. Paji pana, macho yaliyoachana, kope zilizolala, nyusi hakuna, nywele chache za kujisokota. Rajabu alizitazama kwa muda mrefu, akamtazama Salumu aliyekuwa mapajani kwa mama yake, akarudi kwenye picha. Zaituni akamwambia, "Haya, baba Salumu. Na huyu Mjapani naye nilimzaa nje?"

Niliposikia kicheko nje kwenye benchi sikujua ni cha nani, maana Rajabu hakuwa mtu wa kucheka. Alitoka akifuta macho kwa mkono wa shati. Alikuwa ameomba kalamu na karatasi nyingine ya ridhaa, akasaini. Mimi nashikilia kwamba jora lilifanya nusu ya kazi. Zaituni anasema nusu ya kazi ilifanywa na Mjapani na nusu nyingine na yule mwenye nywele nyekundu.

Siku yenyewe madaktari walipitisha mrija kwenye mshipa wa paja, wakapuliza puto dogo ndani ya njia ile mpaka ikafunguka. Salumu aliporudi nyumbani, Zaituni alinishika tena mkono akauweka kifuani kwa mtoto. Cherehani ilikuwa bado inashona, lakini mbali sana, nyumba ya tatu. Rajabu alirudisha mashati yake kwenye kabati bila kusema lolote, na Bi Hidaya akapika uji wa mchele, akampa mtoto mwenyewe, kijiko kwa kijiko, akimpangusa kila alipotapika. Neno lile la kufanana hakulisema. Sikumsikia akilisema mwaka ule wala baada ya hapo.

Salumu sasa ni mkubwa. Anakuja dukani kwangu kukunja kanga, na pembe zake hulingana kuliko za mtu yeyote niliyemwajiri. Maneno yake ni machache na huyatoa taratibu. Moyo wake hukaguliwa, ngozi yake hupakwa mafuta asubuhi na jioni. Anapenda harusi, na juzi aliniuliza kama na yeye ataoa. Nilimwambia Inshallah. Sikumwambia alichowahi kuniambia daktari: kwamba siku Salumu akipata mtoto, huenda kosa lile likaenda kwa mtoto na huenda lisiende, kama kurusha shilingi juu. Kitu ambacho kwake kilikuwa kiuzi, kwa watakaotoka kwake kimekuwa rola. Hapo ndipo ninapopotea kila mara. Jambo lisilo na baba linawezaje kuwa baba?

Nilikuwa nimeandika mpaka hapo Jumamosi ikafika. Nilivaa shati la mikono mirefu. Nilitoa stoo majora yangu mawili, ambayo sijawahi kuyauza, nikayaegemeza ukutani tayari. Bi Hidaya alikuwa kwenye mkeka wake ukumbini. Macho yake siku hizi yanatofautisha mwanga na kivuli tu. Mama wa Mbagala aliingia na mama mkwe wake, na nilimtambua mama mkwe kwa namna alivyokaa, karibu na mlango, mkoba mapajani. Mtoto alikuwa amevalishwa kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye macho, kwa joto lile.

"Shikamoo, bibi," mama wa Mbagala akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

Tulikaa. Chai ililetwa na Salumu, kikombe kimoja kimoja, na yule mgeni akawa anamfuata kwa macho kila anapokwenda, bila kugusa chai. Halafu akanigeukia, kwa kuwa aliambiwa mimi ndiye mwenye maelezo. "Mjomba, mimi nataka kujua kimoja tu. Limetoka wapi?" Mama mkwe wake aliinua uso. Nikasimama, nikashika jora la pili, nikafungua kinywa, na maneno yote niliyoyapanga wiki nzima nikayaona yalivyo: sentensi sahihi za kumwambia mtu aliyekwishaambiwa sentensi sahihi.

Bi Hidaya alinyoosha mikono. "Nipe."

Mama alisita, kisha akampa. Bi Hidaya hakunawa, hakungoja. Alimpapasa mtoto mkono kuanzia bega mpaka kiganjani, polepole, akarudi juu. Akaingiza kidole chini ya kofia, akakipitisha juu ya macho, pale pasipo na nyusi. Akaweka kiganja kifuani, akakiacha hapo, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza chumba cha pili. Salumu alikuwa amesimama na sinia tupu. Kisha Bi Hidaya akauelekeza uso wake kule mlangoni, alikokaa mama mkwe wa mgeni, akalisema neno ambalo nyumba yetu ililingoja kwake tangu masika ile.

"Kafanana na mjukuu wangu huyu. Salumu mtupu."

Mama wa Mbagala akamvua mtoto kofia.